Kompyuta ya CNC imezeeka: njia nne za kuhamisha udhibiti wa mashine, na kila moja inamfaa nani

Ukiingia karakana ya samani au ya mabango yenye mashine ya CNC, yaani inayokata kwa amri za kompyuta, ya miaka kumi na zaidi, iwe Keko ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, aghalabu utaikuta kompyuta ya mezani pembeni yake, imejaa vumbi la mbao, ina Windows XP au Windows 7, na ndani yake Mach3, programu inayoiendesha mashine. Mashine yenyewe bado nzima. Reli hazijalegea, mota zinavuta, spindo (mota inayozungusha biti) inazunguka vizuri. Kinachokufa ni kompyuta: diski inagonga, kapasita kwenye madabodi zimevimba, au asubuhi moja inagoma kuwaka na oda ya milango inasubiri.

Hapo ushauri huwa mwingi. Huyu anasema tafuta kompyuta kama hiyohiyo. Yule anasema achana na Windows kabisa. Wa tatu anakuuzia kidhibiti cha mkononi. Wote wanaweza kuwa wakweli, maana kila mmoja anazungumzia karakana yake. Hapa nalinganisha njia nne kwa mashine ya kawaida: mihimili mitatu (pande tatu za kusogea), stepa mota, amri zinapita kwenye poti ya printa ya pini 25. Mashine kubwa za viwandani zenye udhibiti wa Fanuc au Siemens zina mambo yake, sitazigusa.

ANAYETOA MAPIGO NI NANI?

Hili ndilo swali linaloamua karibu kila kitu, na ndilo linalosahaulika dukani.

Stepa mota haijui milimita. Inajua pigo la umeme: pigo moja, hatua moja. Chukua mashine yenye skrubu inayosogeza mhimili milimita 5 kwa kila mzunguko. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, na draiva yake (kifaa kinachoipa mota umeme) imewekwa kugawa kila hatua mara 8. Mzunguko mmoja basi ni mapigo 1,600, na milimita moja ni mapigo 320. Ukitaka mhimili wa X uende milimita 4,000 kwa dakika, lazima yatoke mapigo zaidi ya 21,000 kila sekunde, tena kwa nafasi zinazolingana.

Kwenye mfumo wa poti ya printa, anayeyatoa ni kompyuta yenyewe. Mach3 hupachika kipande cha programu ndani kabisa ya Windows, kinachoikatiza kompyuta mara 25,000 kwa sekunde. Hicho ndicho kiwango cha chini. Unaweza kukipandisha hadi 100,000 kama kompyuta inahimili. Kila inapokatizwa, kinaamua pini ipi iwake na ipi izime. Chochote kinachoichelewesha hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama kadi ya sauti, Wi-Fi, programu ya kuzuia virusi au mfumo wa kuokoa umeme, utakiona kwenye mbao: mota inanguruma, hatua zinaruka, duara halifungi.

Ndiyo maana kompyuta mpya yenye nguvu mara kumi inaweza kukata vibaya kuliko ile ya 2008. Ukibadilisha kompyuta kwenye mfumo huu, umebadilisha pia chombo kinachotoa mapigo. Njia nne zinazofuata zinatofautiana hasa hapo.

KWANZA OKOA MIPANGILIO

Vyovyote utakavyochagua, fanya hivi leo wakati kompyuta ya zamani bado inawaka. Nakili folda nzima ya C:\Mach3 kwenye flashi mbili tofauti. Ndani yake mna faili ya XML yenye mipangilio yote ya mashine, faili ya leseni iitwayo Mach1Lic.dat, folda ya makro (programu fupi za kazi maalumu), na faili za skrini zinazoishia na .set.

Kuna mtego hapa unaowanasa wengi. Watu hunakili Mach3Mill.xml wakidhani ndiyo mipangilio yao, kumbe aliyefunga mashine alitengeneza profaili yenye jina lingine. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Mach3 unayoitumia kila siku, fungua sifa zake, kisha soma mwisho wa mstari wa njia ya programu. Baada ya /p utaona jina la profaili. Faili ya XML yenye jina hilo ndiyo roho ya mashine yako.

Kisha piga picha kwa simu kurasa za "Ports and Pins", "Motor Tuning" na "Homing/Limits". Fungua na kasha la umeme, upige picha swichi ndogo zilizo kwenye kila draiva ya mota, rangi za nyaya, na bodi zinapoingia nyaya hizo. Namba ya hatua kwa milimita haitegemei kompyuta wala programu. Inatokana na skrubu, mota na swichi za draiva, kwa hiyo utaitumia ileile kwenye njia zote nne.

Kama kompyuta haiwaki tena, usikate tamaa. Itoe diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kifaa cha kusomea diski kupitia USB, unakili folda hiyo. Mara nyingi kinachokuwa kimekufa ni madabodi au pawa saplai, diski ni nzima.

VIGEZO

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: nini kinahama na nini kinaanza upya, ubora wa mapigo, gharama na upatikanaji wa vipuri, opereta atajifunza upya kiasi gani, na mfumo utadumu vipi. Kwa wengi wetu kuna la ziada linalopita kwenye yote: nani atautengeneza ukiharibika na fundi aliyeufunga hayupo mjini.

NJIA YA KWANZA: KOMPYUTA NYINGINE YA ZAMANI, MACH3 ILEILE

Kinachohama. Kila kitu. Unasakinisha Mach3 ya toleo lilelile, unarudisha faili ya XML, leseni, makro na skrini. Leseni ya Mach3 haijafungwa kwenye kompyuta moja. Ni faili yenye jina la mwenye leseni, inakwenda unakokwenda nayo.

Ila kompyuta lazima iwe na poti halisi ya printa na Windows ya biti 32, ya XP hadi 7. Windows ya biti 64 haikubali kabisa kipande kile cha programu kinachotoa mapigo. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa sasa zina Windows 10 ya biti 64, kwa hiyo hesabu na kazi ya kuifuta na kuweka Windows 7 ya biti 32. Dell OptiPlex 755 na 780 za mezani zilikuja na poti hiyo nyuma yake, na bado zinapatikana mitaani. Ukiipata isiyo na poti lakini ina nafasi ya kadi ya PCI, kadi ya poti ya printa inafaa, mradi uangalie anwani yake. Poti ya kwenye madabodi kwa kawaida ni 0x378. Ya kadi huwa nyingine. Isome kwenye orodha ya vifaa vya Windows, kisha uiandike "Ports and Pins". Ukiiacha 0x378 mashine haitajibu chochote, nawe utaanza kuvuruga nyaya zisizo na kosa.

Kebo ya kubadilisha USB kuwa poti ya printa haifanyi kazi. Ilitengenezwa kwa printa, haiwezi kutoa mapigo. Laptopu nayo si ya kutegemea hata kama ina poti, kwa sababu mfumo wake wa kuokoa umeme huvuruga muda wa mapigo, na baadhi hutoa volti 3.3 mahali ambapo bodi inangoja 5.

Wengine hujaribu njia ya mkato: kuitoa diski ya zamani na kuichomeka kwenye kompyuta mpya. Kwenye modeli ileile huwa inakubali. Kwenye modeli tofauti, XP hutoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, kwa kuwa haitambui kidhibiti cha diski. Badilisha kwanza hali ya SATA kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) kutoka AHCI kwenda IDE. Isipokubali, sakinisha upya.

Mapigo. Hapa ni bahati ya kompyuta uliyoipata, lakini bahati hiyo inapimika. Ndani ya folda ya Mach3 mna programu iitwayo DriverTest. Iendeshe kabla hujaunganisha mashine. Grafu ikitulia kama mstari na neno "Excellent" likibaki, songa mbele. Mstari ukiruka-ruka, zima kadi ya sauti na Wi-Fi kwenye BIOS, zima masasisho na skrini ya kupumzika, upime tena. Ikigoma, rudisha kompyuta dukani. Usinunue kompyuta ya kazi hii bila makubaliano ya kuirudisha.

Gharama na vipuri. Ndiyo rahisi kuliko zote. Ushauri wangu ni ununue mbili zinazofanana, uziandae zote, moja uifunge kwa nailoni iwe akiba. Hata hivyo kompyuta hizo nazo zinazeeka, na kila mwaka zenye poti zinapungua sokoni.

Opereta. Hana cha kujifunza.

Maisha ya mbele. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Usiiunganishe na intaneti. Hatari kubwa zaidi ni flashi inayotoka kwa mteja ikiwa na mchoro na virusi pamoja. Tenga flashi moja ya mashine tu, na michoro ya wateja ipitie kompyuta ya ofisini kwanza.

Inamfaa mwenye oda inayongoja wiki hii, mashine iliyokuwa ikikata vizuri hadi jana, na mtaa wenye fundi wa kompyuta anayejua kusakinisha Windows za zamani.

NJIA YA PILI: KOMPYUTA MPYA NA BODI YA NJE YA MAPIGO

Hapa kompyuta inapumzishwa kazi ya kutoa mapigo. Bodi ndogo yenye chipu yake inakaa kati ya kompyuta na kasha la umeme. Kompyuta inaipelekea mpango wa mwendo mapema kidogo, nayo inatoa mapigo kwa saa yake. Windows ikisita kidogo, bodi bado ina mwendo wa kutosha kwenye akiba. Zinazojulikana zaidi ni Ethernet SmoothStepper ya Warp9, na UC100 na UC300ETH za CNCdrive.

Kinachohama. Karibu kila kitu, kwa sababu programu bado ni Mach3 na faili ya XML ni ileile. Unaongeza plagini ya bodi (programu ndogo inayoiunganisha na Mach3) kwenye folda ya PlugIns, na wakati wa kusakinisha Mach3 unaondoa alama kwenye kipengele cha draiva ya poti ya printa, yaani kile kipande cha programu kinachotoa mapigo. Kwa kuwa kipande kile hakitumiki tena, Windows 10 au 11 ya biti 64 inakubali. UC100 inachomekwa moja kwa moja kwenye kebo yako ya pini 25, nyaya za ndani hazishikwi. SmoothStepper ina soketi tatu za pini 26, kwa hiyo unahitaji utepe wa nyaya unaoishia kwenye pini 25.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kama mashine yako ni lathe (inayozungusha kipande kinachokatwa) inayokata nyuzi za skrubu, au unatumia proba kupima urefu wa biti, soma maelezo ya plagini uone inafanya nini na nini haifanyi, maana kazi hizo sasa ziko mikononi mwa bodi. Pili, bodi nyingi za kwenye makasha hungoja mawimbi ya kudumu, mara nyingi kwenye pini ya 17, ndipo ziruhusu draiva kuwaka. Usipoiwasha huduma hiyo kwenye plagini, kila kitu kitaonekana sawa kwenye skrini na mota hazitasogea.

Mapigo. Mazuri sana, na hapa hakuna bahati nasibu. UC100 hufika mapigo 100,000 kwa sekunde kwa kila mhimili, UC300ETH 400,000, SmoothStepper hadi milioni 4. Kwa mashine ile ya mapigo 320 kwa milimita hata 100,000 ni mengi mno. Zile kubwa zinahitajika kwenye sevo (mota zinazojisahihisha) zenye enkoda (vipima mzunguko) za kina.

Udhaifu uko kwenye kebo. Spindo ya kilowati 2.2 inaendeshwa na inveta (kifaa kinachodhibiti kasi yake) inayomwaga kelele za umeme, na USB haizipendi: katikati ya kazi bodi inapotea na mashine inasimama ndani ya mbao. Ethernet (kebo ya mtandao) ina transfoma ndogo ndani ya soketi zinazotenganisha umeme wa pande mbili, kwa hiyo inavumilia zaidi. Katika jengo ambalo waya wa ethi ni wa mashaka, na majengo hayo tunayo mengi, ningelipia zaidi nipate ya Ethernet. Ukichagua SmoothStepper, yenyewe huja na anwani 10.9.9.9, nawe unaipa kompyuta 10.9.9.10 kwa mkono. Soketi hiyo ya mtandao iwe ya mashine peke yake.

Gharama na vipuri. Bodi ni zaidi ya dola 100, na inatoka nje, kwa hiyo ongeza usafiri, ushuru na kungoja. UC100 ina nakala bandia nyingi sokoni. Nunua kwa mtengenezaji au wakala anayemtaja. Upande wa kompyuta, ndiyo nafuu kubwa: yoyote ya kawaida inafaa, na ikifa unanunua nyingine dukani siku hiyohiyo.

Opereta. Skrini ni ileile. Atagundua tu kwamba akibonyeza kusimamisha kwa muda, mashine inakwenda kidogo zaidi kabla ya kutulia, kwa sababu ya ile akiba ya mwendo.

Maisha ya mbele. Mach3 yenyewe haiendelezwi tena. Lakini bodi inakufungulia mlango: SmoothStepper inafanya kazi na Mach4, na bodi za CNCdrive zina programu yake, UCCNC. Tofauti ya leseni uijue mapema. Ya Mach4 hufungwa kwenye kompyuta, ukiibadilisha unaomba upya. Ya UCCNC hufungwa kwenye bodi, kompyuta unaweza kubadilisha utakavyo.

Inamfaa mwenye makro na desturi zilizojengwa ndani ya Mach3 kwa miaka, anayeweza kungoja mzigo, na asiyetaka kutafuta tena kompyuta za 2008.

NJIA YA TATU: LINUXCNC

LinuxCNC ni programu ya kuendesha mashine kama Mach3, na ilitokana na mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa miaka ya 1990. Ni bure, haina leseni ya kupoteza, na inaendeshwa juu ya Linux, mfumo wa uendeshaji unaochukua nafasi ya Windows, yenye kiini cha muda halisi, yaani kilichotengenezwa ili kazi ya haraka isicheleweshwe na nyingine.

Kinachohama. Namba, basi. Hatua kwa milimita, pini na mwelekeo wake, kasi, mchapuko: zote unaziandika upya ukitumia programu ya msaada iitwayo StepConf. Ndiyo maana zile picha ni muhimu. Kuna sehemu moja ya kukosea: Mach3 huhesabu kasi kwa dakika, na faili ya mipangilio ya LinuxCNC huhesabu kwa sekunde. Milimita 4,000 kwa dakika inakuwa 66.67. StepConf itakuuliza pia muda wa pigo kwa nanosekunde. Uusome kwenye karatasi ya draiva: DM542 kwa mfano inataka pigo lisilopungua mikrosekunde 2.5, na mwelekeo uwe umetulia mikrosekunde 5 kabla ya pigo.

Makro za Mach3 zimeandikwa kwa lugha ya Visual Basic, hazihami. Faili zako za msimbo wa G (amri za kukata) nyingi zitakwenda, isipokuwa matao. Kama programu ya kuchorea ilikuwa ikitoa vituo vya matao kwa namna moja na kidhibiti kinavisoma kwa nyingine, LinuxCNC itakataa kwa ujumbe kuhusu nusu kipenyo kisicholingana. Mach3 ikiwa kwenye hali hiyo haikatai, inachora duara kubwa kupita meza. Dawa ni G90.1 au G91.1 mwanzoni mwa faili, au kubadilisha umbo la faili linalotolewa na programu ya kuchorea.

Mapigo. Una njia mbili. Ya kwanza ni poti ya printa, na hapo kompyuta hupimwa kama kwenye Mach3, ila kipimo ni cha wazi zaidi. Washa LinuxCNC kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, endesha kipimo cha ucheleweshaji, huku ukifungua madirisha na kunakili faili kubwa ili kuichosha kompyuta. Ucheleweshaji wa juu kabisa ukiwa chini ya mikrosekunde 20, kompyuta ni nzuri sana. Ukiwa 30 hadi 50, itafanya kazi kwa kasi ya wastani. Ukifika 100, poti ya printa haifai hapo. Njia nyingine ni bodi ya Mesa, kama 7i96S, inayounganishwa kwa Ethernet na kutoa mapigo yenyewe. Kompyuta iliyoshindwa kwa poti mara nyingi inafaulu kwa Mesa.

Gharama na vipuri. Programu ni sifuri, na kompyuta ya zamani yenye biti 64 inatosha. Ukiongeza Mesa, unarudi kwenye bei na kungoja kama kwa bodi za njia ya pili. Gharama halisi ni muda wa mtu. Faili za HAL zinazounganisha pini na kazi zake zinahitaji mtu asiyeogopa kuandika, na katika miji yetu hao ni wachache kuliko mafundi wa Windows. Ukiwa naye, basi mfumo huu hukupa uhuru ambao hakuna mwingine anaokupa: kila kitu kiko kwenye faili za maandishi unazoweza kusoma, kunakili na kurekebisha.

Opereta. Atahitaji siku kadhaa. Vitufe vimekaa tofauti, majina tofauti, na kuanzia katikati ya faili hakufanani na alivyozoea.

Maisha ya mbele. Ndiyo yenye uhai kuliko zote nne. Inaendelezwa hadi leo, na folda moja ndogo ya mipangilio inarudisha mashine yote kwenye kompyuta mpya.

Inamfaa mwenye mtu wa Linux ndani ya karakana, vyuo vya ufundi vinavyotaka wanafunzi waone udhibiti unavyofanya kazi, na mwenye mashine zaidi ya moja zitakazofungwa mfumo mmoja.

NJIA YA NNE: KIDHIBITI KISICHOHITAJI KOMPYUTA

Hiki ni kile cha mkononi chenye skrini ndogo na vitufe, mafundi wengi wanakiita DSP, kama RichAuto A11 inayokuja na mashine nyingi za Kichina. Faili inaingia kwa flashi.

Kinachohama. Kidogo zaidi. Kidhibiti kinakuja na bodi yake, kwa hiyo waya za pigo na mwelekeo za kila draiva zinahamishwa kutoka bodi ya zamani, pamoja na swichi za mwisho wa mihimili na amri ya spindo. Hatua kwa milimita unaziingiza kwenye menyu. Makro, skrini na profaili zote zinabaki nyuma. Umbo la faili nalo huenda likahitaji kubadilishwa kwenye programu ya kuchorea.

Mapigo. Hayana wasiwasi, kifaa kimetengenezwa kwa kazi hiyo tu.

Gharama na vipuri. Unaondoa gharama ya kompyuta, skrini, na mfumo wa uendeshaji kwa pamoja. Lakini siku kikifa, huwezi kukibadilisha kipande kwa kipande, unanunua kilekile. Kebo yake ndiyo inayochoka kwanza, kwa kuvutwa na kukanyagwa, hivyo nunua ya akiba siku hiyohiyo.

Opereta. Anayeanza upya hukielewa haraka. Aliyezoea kuona njia ya biti kwenye skrini ya Mach3 kabla ya kukata ataikosa, na kosa la faili ataligundua biti ikiwa tayari inashuka. Kurekebisha mstari mmoja wa faili pale mashineni ni kazi, anarudi ofisini.

Maisha ya mbele. Vumbi halina feni ya kuingilia, virusi havina pa kukaa, na umeme ukikatika kinakumbuka kilipofikia. Mbao ikiwa haijasogezwa na ukarudisha mihimili kwenye kianzio, unaendelea. Ila kazi mpya, kama mhimili wa nne au kubadilisha biti kwa makro, inategemea modeli uliyonunua.

Inamfaa karakana inayorudia kazi zilezile za milango, vitanda na herufi za mabango, yenye waendeshaji wanaobadilika na umeme wa mashaka.

KABLA YA ODA YA KWANZA

Kwa njia yoyote, anza na spindo imezimwa na biti imetolewa. Kitufe cha dharura kikate umeme wa draiva na spindo chenyewe, kisitegemee programu. Kijaribu kwanza kabla ya kitu kingine. Sogeza kila mhimili milimita 100 na upime kwa kalipa. Ikitoka 50 au 200, swichi za draiva zimebadilishwa au namba ya hatua imeandikwa vibaya. Kisha weka alama ya penseli chini ya spindo, tuma mihimili iende na kurudi kwa kasi ya juu mara mia mbili, na uangalie kama inarudi palepale. Ikikosa kidogo, punguza mchapuko kabla ya kupunguza kasi. Ikikosa kwa kiasi kilekile kila inapobadili mwelekeo, muda wa pigo au upande wa ishara ya pigo umewekwa kinyume.

KWA HALI YAKO

Kompyuta imekufa leo na mteja anakuja Ijumaa: njia ya kwanza. Usibadilishe mfumo ukiwa na haraka. Oda ikishatoka, una utulivu wa kufikiria nyingine, na kompyuta hiyo inageuka akiba.

Kompyuta bado inawaka lakini inakutia wasiwasi, na mashine ina makro za kupima biti au skrini iliyotengenezwa kwa ajili yake: agiza bodi ya Ethernet sasa, uifunge kwenye kompyuta mpya huku ya zamani ikiendelea kukata. Unahamisha kebo siku ukiwa tayari, na ikikataa unairudisha palepale.

Mach3 yako haina leseni halali, kama zilivyo nyingi zilizokuja na mashine: usilipe kuhamia kwenye kitu kilichoacha kuendelezwa. Linganisha LinuxCNC na UCCNC yenye bodi yake, uchague kwa kuangalia nani yuko karibu nawe wa kukusaidia.

Una kijana anayejua Linux, au uko chuoni: LinuxCNC. Lakini iandikeni mipangilio kwenye daftari la karakana, siyo kichwani mwa mtu mmoja.

Umeme unakatika mara kwa mara, waendeshaji wanabadilika, kazi ni zilezile: DSP. Ukibaki na kompyuta katika mazingira hayo, weka UPS (betri ya akiba) inayoshika kompyuta na bodi ya mapigo, na hakikisha mashine ina swichi za kianzio, maana stepa mota ikizimwa haijui tena iko wapi.

Mashine ni lathe inayokata nyuzi: usikimbilie DSP ya kuchonga mbao wala bodi ya nje ya bei rahisi. Uliza kwanza kidhibiti kinasomaje mzunguko wa spindo. LinuxCNC ikiwa na enkoda kwenye spindo hufanya kazi hiyo vizuri, na Mach3 ya poti ya printa hutegemea ishara moja kwa mzunguko, kwa hiyo ukibaki nayo ipe spindo yenye kasi isiyoyumba biti inapoanza kukata.